Ufunguzi wa Kituo cha Kusikiliza Wananchi wa Kithimani

Mheshimiwa mwakilishi wa Mheshimiwa, ambaye naye ametuma mwakilishi. Waheshimiwa wa wadi waliofika, na wale ambao magari yao yamefika. Bwana Chifu na manaibu wake. Wazee wa nyumba kumi. Wanakamati ya usalama, mlioketi nyuma yangu kwa usalama wangu. Baba Askofu aliyetuombea kwa kirefu, na Shehe Yahya aliyetuombea kwa kifupi, jambo tunalomshukuru sana. Wafanyabiashara wa soko hili, wakulima wa mfereji, kina mama, vijana, na nyinyi wengine mlioona hema mkaingia, nawasalimu kwa Kikamba: mwi aseo?

(Wachache: "Twi aseo.")

Mimi ni Dakta Justus Ndunda, Mratibu Mkuu wa Kanda wa Idara ya Usikilizaji wa Wananchi. Udakta wangu ni wa heshima, lakini heshima yenyewe ni ya kweli. Nimekuja leo kufungua rasmi Kituo cha Kusikiliza Wananchi, kituo ambacho ndani ya fremuwaki ya ugatuzi, na kwa kushirikisha mastekiholda wote isipokuwa wale ambao hatukuwapata, kitahakikisha kwamba hakuna mwananchi wa Yatta atakayeonewa tena bila kusikilizwa akionewa.

(Makofi kutoka viti vya mbele.)

Utafiti wetu, tulioufanya bila kutoka ofisini ili kuokoa mafuta ya gari, umeonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya wananchi wameridhika na serikali yao. Asilimia mbili iliyobaki haikushika simu.

(Mguno. Mtu nyuma: "Hata mimi sikupigiwa.")

Basi wewe uko kwenye hiyo asilimia mbili, ndugu yangu, karibu. Ili msidhani nasema mambo ya vitabuni, nitawapa mfano wa mtu anayejulikana hapa. Levi, simama watu wakuone.

(Levi anasimama. Ni mwanamume mrefu, mkulima wa vitunguu. Mkewe Kamanthe ameketi kando yake, mkoba mapajani.)

Huyu Levi shamba lake liko mwisho wa mfereji. Msimu uliopita maji yakaanza kumpungukia, yakapungua, yakakatika. Raia mpole angesubiri mvua. Levi hakusubiri. Aliufuata mfereji kwa miguu kwenda juu, bila kibali cha idara yoyote, akapita nyuma ya soko hili, na hapo akakuta lango la chuma limeuziba mfereji na maji yote yanageuzwa kuingia katika shamba moja la parachichi. Shamba hilo ni la kiongozi ambaye sitamtaja jina, kwa sababu mimi si mtu wa kujisifu.

(Kicheko. Chifu anatazama viatu vyake.)

Mnacheka, lakini parachichi zile zinatuletea sifa hadi ng'ambo. Basi Levi akaenda kwenye baraza, akanyoosha mkono, akauliza, nanukuu, "Chifu, maji ni ya sisi wote, mbona inaingia kwa mtu mmoja?" Swali lilikuwa zuri. Tatizo ni kwamba watu walilisikia. Jioni ile ile maafisa wetu wakafika nyumbani kwake kumwalika kituo cha polisi kwa mazungumzo kuhusu uchochezi.

(Kamanthe, bila kusimama: "Walimchukua tukikula. Nikauliza anarudi saa ngapi. Wakaniambia atarudi kabla nimalize kuosha vyombo.")

Asante, mwaitu, mama yetu, kwa kushuhudia jinsi huduma zetu zinavyomfikia mwananchi hadi mezani.

(Kamanthe: "Nilimaliza kuosha. Nikaosha tena.")

(Watu wa mbele wanageuka kumtazama.)

Ndiyo. Kulikuwa na kuchelewa kidogo kwa upande wa implementesheni. Lakini nisikilizeni: kesi ilifika mahakamani, hakimu akauliza ni nani aliyechochewa, hakuna aliyejitokeza, na Levi akaachiliwa huru. Je, huo si ushindi? Nchi ngapi mtu anakamatwa bila sababu, na anaachiliwa pia bila sababu? Hiyo ndiyo mizani sawa. Levi, waambie wenzako ulivyojisikia siku ile ulipotoka.

(Anapewa maikrofoni. Anaishika mbali kidogo na mdomo.)

(Levi: "Nilijisikia mjinga. Nilifika nyumbani nikapata vitunguu yote imekauka, imekuwa kama makaratasi. Bibi yangu alikuwa anachota maji kwa ndoo kutoka kisima ya kanisa, anamwagilia mstari moja tu, ndio nikirudi nisikute shamba yote imekufa. Mimi sikulia huko ndani. Nililia hapo.")

Maneno mazito. Mpeni makofi.

(Hakuna anayepiga makofi. Levi hajarudisha maikrofoni.)

(Levi: "Sijamaliza, Daktari. Nilikuja ofisi yako. Nikaambiwa mambo ya malalamiko inapelekwa kituoni. Nikauliza kituo iko wapi, nikaambiwa ngoja ifunguliwe. Sasa leo imefunguliwa na mimi nimekuja. Nilalamike kwa nani?")

Swali hilo, ndugu Levi, linaonyesha kwamba ushirikishwaji wa umma umefaulu. Lalamiko lako litapokelewa, litatathminiwa, litapelekwa kwa jopo la kiufundi, jopo litaandaa rodimapu, rodimapu itafanyiwa warsha katika hoteli yenye utulivu, na mwishowe litaletwa kwangu, ambapo nitalisikiliza kama Mratibu na kulijibu kama mwenye shamba, na kwa njia hiyo kuipunguzia serikali gharama ya kuita watu wawili.

(Levi: "Kwa hivyo ni wewe utaamua kama umekosea.")

Kwa kifupi ni hivyo, lakini mambo ya serikali hayasemwi kwa kifupi.

(Levi: "Na lango itafunguliwa lini?")

Lango lile, ndugu wananchi, liliwekwa kwa ajili ya usalama wa maji.

(Levi anaiweka maikrofoni juu ya kiti chake, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Anamwambia Kamanthe: "Twende." Kamanthe anatia mkoba begani na kusimama. Mstari wao wote unasimama. Mzee mmoja anauliza, "Tunaenda wapi?" Kamanthe anamjibu, "Kwa lango.")

Naona watu wanainuka. Huo ndio moyo wa kuinuka ambao uko katika dira yetu, ukurasa wa maono. Kina mama mmeinuka pia, vizuri sana. Ila viti vya nyuma naomba mbaki, hotuba ina sehemu ya pili.

(Viti vya nyuma vinabaki vitupu. Zinasikika kandambili tu kwenye changarawe.)

Afande, hebu waone wanaelekea wapi, na uwarudishe kwa upole.

(Askari wanatoka. Hawarudi.)

Wakati tunawasubiri, nitasoma sehemu ya pili, inayohusu mafanikio yangu binafsi. Tangu nishike wadhifa huu nimehudhuria makongamano ya kusikiliza wananchi ndani na nje ya nchi, mahali ambapo nimezungumza kwa muda mrefu kuliko mjumbe mwingine yeyote. Nimebuni neno "usikilizaji shirikishi." Nimepigwa picha nikiwa nimeinamisha kichwa upande mmoja, na picha hiyo sasa inatumika kote nchini katika—

(Wangare, mwenye duka la pembejeo ambalo utepe mwekundu wa ufunguzi umefungwa mlangoni pake, anakuja mpaka jukwaani: "Daktari, wamefika. Wanafungua lango yako.")

Wanafungua na nini? Ufunguo ninao mimi.

(Wangare: "Hawatumii ufunguo. Wameishika wote, wanaing'oa na milingoti yake. Hata mama yangu mkwe ako huko, na mgongo yake hiyo.")

Na polisi?

(Wangare: "Wamekaa kwa mawe. Mmoja mama yake analima huko chini karibu na kwa Levi. Amevua kofia ameishika mkononi.")

(Chifu anainuka, anasema ana simu ya kupiga, na anaondoka bila simu. Viti vya mbele navyo vinamfuata.)

Ndugu wananchi mliobaki, yaani Mama Wangare na mama huyu wa viti, serikali haitikiswi na mambo madogo. Tutafunga mkutano wetu kwa mwito wa Idara kama ilivyo desturi. Nikisema "Usikilizaji," mnasema "Kwa Wote." Usikilizaji.

(Dereva wake, kutoka garini: "Kwa wote.")

Nikisema "Haki," mnasema "Iko Njiani." Haki.

(Dereva amewasha injini.)

Iko njiani. Sasa shukrani. Namshukuru Bi Khadija kwa hema na viti, ingawa naona ameanza kuvikunja, kwa sababu ana harusi Matuu. Namshukuru Mama Wangare kwa kutuazima mlango wa duka lake tufunge utepe, na ninamthibitishia kwamba wateja wake wataanza kupita sasa hivi. Nawashukuru vijana waliopigilia kibao cha Kituo ukutani asubuhi, na nawaomba wakitoe bila kukivunja, kwa sababu ndicho kilichotumika Kithyoko wiki iliyopita na kesho tunafungua nacho Kituo cha Wamunyu.

(Wangare: "Kwa hivyo hapa hakuna ofisi itawekwa?")

Ofisi ni dhana pana, mama.

(Nyuma ya duka inasikika sauti ya kitu kinachokokotwa, kisha vigelegele vya mbali. Maji ya rangi ya udongo yanakuja kwenye mfereji mkavu pembeni mwa hema, yakisukuma majani na mifuko mbele yake, na kushuka kuelekea mashamba ya chini. Kamanthe anakuja ukingoni, anatembea sambamba na maji, na Levi kando yake, suruali imelowa hadi magotini. Hawalitazami hema. Kamanthe anacheka, mkono mmoja mdomoni.)

Mpiga picha, geuza kamera huku, uyachukue maji pamoja na mimi. Sogea, Khadija. Ndugu wananchi, mashuhuda ni nyinyi: maji yamefika siku ile ile ya ufunguzi. Kwa niaba ya Idara, na kwa unyenyekevu mkubwa, nawashukuru watu wa Kithimani kwa kukiwezesha Kituo hiki kumaliza kazi yake yote kabla hakijajengwa, na hivyo kuniondolea kabisa sababu ya kukijenga.