Hotuba ya Kufungua Kituo cha Vifua vya Wakata Mawe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ufunguzi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye Mwenyekiti alimwalika kwa barua naye akakubali, na ambaye ni mimi vilevile. Mheshimiwa Profesa Mtafiti wa Mapafu, uliyekaa kulia. Waheshimiwa viongozi wa Umoja wa Utu na Asili Yetu, watetezi wa watu wa bondeni, mliokaa kushoto kabisa msije mkagusana na Profesa. Waheshimiwa madereva wetu. Na ninyi wakata mawe wa machimbo haya, mliosimama kwa sababu viti vimekwisha: salamu ziwafikie wote kama vumbi linavyowafikia. (Makofi kwenye viti. Waliosimama wanakohoa.)

Ndugu zangu, leo ni siku ya kihistoria katika mchakato mtambuka wa kuhuisha mfumo shirikishi wa afya ya kifua. Miaka mitatu iliyopita Profesa alikuja hapa na mashine yake ya kupuliza, akawapanga mstari, akawaambia vuta, toa, vuta, toa, akaandika daftarini, kisha akatuletea ripoti ya kurasa mia mbili na kumi, ambayo mimi binafsi nilisoma jalada lake lote. (Makofi.) Ripoti ilisema vumbi la mawe linakula mapafu, na ikasema watu wa bondeni wanaugua kuliko watu wa mlimani. Hapo ndipo moto ulipowaka! Umoja ulisema babu zao waliitwa wagonjwa wakanyimwa kazi, na wao hawataitwa hivyo tena. Hoja nzito. Profesa akajibu kwamba sampuli haibishani na matokeo. Hoja nzito pia. (Sauti kutoka nyuma: "Sampuli ndiyo nani?" Nyingine: "Si wewe hapo, shemeji!" Kicheko, kisha kikohozi.)

Utulivu, tafadhali. Niliunda kamati. Kamati ikaketi vikao arobaini na kimoja, ikitafakari kwa kina ni neno gani litumike badala ya neno "ugonjwa". Kwa nini watu wa bondeni wanaugua zaidi, hilo halikujitokeza. (Sauti ya mwanamke: "Kwa sababu ndio mnaowaweka kwenye mashine ya kusaga kokoto!") Mama, hilo ni suala la kiufundi, na halikuwa kwenye ajenda.

Sasa sikilizeni hekima yangu. Niliamua ugonjwa ugawanywe kwa haki! Mlimani asilimia kumi na mbili, bondeni asilimia kumi na mbili. Watu wa mtoni, ambao hawajawahi kushika nyundo, wakaja ofisini kwangu wakilalamika kuwa wamesahaulika, nao nikawapa kumi na mbili yao. (Vigelegele kutoka kwa watu wa mtoni.) Profesa alitia saini jedwali hilo kwa kuwa jina lake limetangulia. Umoja ulitia saini kwa kuwa jina lao limeandikwa kwa herufi kubwa zaidi. Nani amewahi kuona sayansi na utu vikikumbatiana namna hii? (Makofi. Yule mwanamke anasogea mbele. Ni mke wa mkata mawe waliyempachika jina la Nyundo.)

"Mheshimiwa, samahani. Mume wangu aliipuliza ile mashine mara tatu. Msimamizi anasema bila cheti cha daktari hamwondoi kwenye vumbi. Jumatatu anarudi kusaga. Cheti chake kiko wapi?"

Swali zuri sana, dada yangu. Mumeo ni mtu wa mlimani?

"Hapana."

Bondeni? Mtoni?

"Tumetoka mbali, baba. Tulikuja kutafuta riziki."

Basi shangilia, dada! Kwenye jedwali letu hana safu. Asiye na safu hana asilimia, na asiye na asilimia ni mzima wa afya! (Makofi marefu kwenye viti. Profesa anaangalia saa. Umoja unaangalia simu.)

"Anatema damu, Mheshimiwa."

Nimekusikia. Lakini anaitema kama nani? Hilo ndilo swali la msingi, na litaundiwa kamati ndogo.

Tupaze sauti pamoja. Nikisema "Pumzi sawa", mseme "kwa wote". Pumzi sawa! (Kikohozi.) Mmeitikia vizuri. Mapafu yetu! (Kikohozi.) Fahari yetu!

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru seremala kwa mlango huu mzuri ambao nimeukatia utepe. Naomba mtu yeyote asiufungue, maana nyuma yake ni shimo la machimbo. Kituo chenyewe hakijajengwa, wala hakijachorwa, kwa kuwa Profesa alitaka kiitwe Maabara na Umoja ukataka kiitwe Nyumba ya Asili, nami siwezi kujenga kitu kisicho na jina. Na kwa namna ya pekee namshukuru ndugu Nyundo, aliyechonga jiwe hili la ufunguzi lenye jina langu, wiki mbili mfululizo, herufi baada ya herufi, huku vumbi likimwingia puani bila yeye kulalamika. Nyundo, njoo mbele tupige picha. (Haji. Ameketi chini, mkewe amemshikia kitambaa mdomoni.)

Haidhuru, mwacheni apumzike. Jumatatu saa moja asubuhi mashine inawashwa.