Mtambo Wenu Unapitisha Watu Kwangu Bila Salamu

Privatus Rugaibula,
Kilimani, Ijumbi,
Muleba.
Ijumaa asubuhi.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Redio za Ridhaa,
Kashai, Bukoba.

Ndugu Mwenyekiti Byarugaba,

Hujambo? Mkeo Joyness hajambo? Mama yako pale Bakoba, mguu umepoa? Watoto je, wanasoma? Na migomba yenu, ule mnyauko umeisha? Ng'ombe amezaa? Sisi huku ni wazima, mvua imenyesha vizuri, maharage yamechanua.

Haya. Nimesalimu. Sijafa, na barua haijachelewa. Sasa naingia kwenye malalamiko.

YAH: WATU WENU KUKATIZA KIBANJANI KWANGU KIMYA KIMYA

Utakumbuka mwezi wa tatu ulikuja na fundi Hamidi mkaniomba kipande cha kilele cha kilima changu. Mlinieleza kwa adabu kwamba milima yetu inaziba mawimbi: mtu wa Kashai akisema kwenye redio yake ya mkononi, mwenzake wa Muleba hamsikii. Kwa hiyo mtambo ukae kwangu, uipokee sauti ya huyu, uirushe kwa yule. Nikakubali. Mkasimika mnara wa mabomba, antena juu, sola mbili, betri mbili ndani ya kibanda cha bati, na waya wa radi mkaufukia katikati ya mibuni yangu. Ufunguo mkaniachia mimi. Hamidi akanipa na kiredio cha kusikilizia, ili nikisikia kimya kirefu nimpigie simu. Mambo ya ufundi sina ubishi nayo. Ubishi wangu ni wa adabu.

1. Kama sauti ya Kashai haifiki Muleba bila kupita kwangu, basi mwenye sauti amepita kwangu. Hilo halihitaji shahada. Na ni Mhaya gani, waitu, anakatiza kibanja cha mtu, shamba lake la migomba na nyumba yake, bila kumsalimia mwenye kibanja? Hata mwizi wa ndizi husalimia, asije akashukiwa. Watu wenu wanaingia, wanatoka, ova, ova, na tangu mwezi wa tatu hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza Mzee Rugaibula ameamkaje.

2. Wanajitambulisha kwa herufi na namba, kama pikipiki. Mimi nataka ukoo. Yuko mmoja kila asubuhi anataja namba yake mara tatu, kisha anauliza kama anasikika. Anasikika sana! Tatizo hajulikani ni mtoto wa nani.

3. Mgeni akifika kwetu hupewa akamwani, kahawa ya kutafuna. Hawa wenu hawana adabu, lakini ni wageni. Basi mke wangu Immakulata akaanza kuweka punje mbili mlangoni mwa kibanda kila sauti mpya inapopita. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wiki ya pili mkafanya lile zoezi lenu la dharura, wakapita watu sitini na mmoja kabla ya chakula cha mchana. Immakulata alipanda na kushuka kilima mpaka goti likavimba. Kahawa aliyoiweka kwa ajili ya Krismasi imekwisha yote. Wageni hawakuigusa, wameila kuku, na sasa kuku hawalali. Jogoo anawika saa tisa mchana na majirani wanatuangalia vibaya.

4. Hili nimelifuta. Immakulata amesema ni la aibu kwa mtu anayesoma somo la kwanza kanisani.

5. Wiki iliyopita kijana wa Kashai aitwaye Evarist (jina nimelipata kwa sababu alijisahau akalitaja) alimwambia Hellen wa Muleba kwamba anataka kutuma watu kwao. Posa hiyo imepita kibanjani kwangu. Maneno ya posa hayabebwi na bati, Ndugu Mwenyekiti, hubebwa na mtu, na mtu aliyekuwepo ni mimi. Kwa hiyo mimi ndiye mshenga wa Evarist, ingawa hanijui. Nadai olubisi wangu, ile pombe ya ndizi, tena iliyowiva, na siku ya harusi nikae mbele. Wakigombana waje wote wawili, nitawasuluhisha, sina jinsi.

6. Rugambwa wa Bakoba alisema hewani kwamba amevua sangara mrefu kuliko baiskeli. Huo ni uongo, na umesemwa ndani ya himaya yangu. Kwa kuwa mwenye nyumba hujibu kwa yanayotendeka nyumbani mwake, Jumamosi nilikwenda kuungama kwa niaba yake. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula. Nimedhalilika vya kutosha!

Kwa hayo yote, naomba chama kitoe agizo. Kila mtu, kabla ya kusema shida yake, asimame kwangu kwanza. Anisalimie mimi, amsalimie Immakulata, aulize migomba, kisha anyamaze kiasi cha dakika mbili. Mimi sina leseni ya kujibu hewani, kwa hiyo nitakuwa namjibu kwa mdomo nikiwa barazani. Mgonjwa mahututi anaweza kuulizia migomba tu.

Msipotekeleza kufikia Jumamosi ya wiki ijayo, njooni mng'oe mnara, mfukue waya, mbebe na betri zenu. Mtu haheshimiwi na wapita njia halafu aitwe mwenye kilima?

Nisalimie Joyness na mama. Wasalimie wote wa Kashai, hata wale wenye namba. Hamidi msalimie mara mbili, yeye hubisha hodi.

Ni mimi, ambaye bado niko hai na naonekana kutoka barabarani,

Privatus Rugaibula

Nyongeza: Leo ni Jumanne, barua ilikosa mtu wa kuibeba. Jumapili niliingia kibandani nikauzima mtambo, mpate kujua uzito wangu. Nikavaa koti, nikakaa barazani kuwasubiri mje kunibembeleza. Hakuja mtu. Immakulata akaniuliza wale watu wamekwenda wapi, nikamwambia nimewazima, naye tangu hapo hasemi nami. Nikuambie kweli, Mwenyekiti: kilima hiki ni kikali, na hakiendi popote. Watoto wetu wanne wako Mwanza na Dar es Salaam. Kabla ya mtambo wenu, mtu wa mwisho kupita hapa alikuwa mchanja mbwa, na hatuna mbwa. Siku hizi mbili zimeniuma mno. Nimejaribu kuuwasha, nimebonyeza kila kitufe, na kimoja kimebaki mkononi mwangu. Kumpigia Hamidi mwenyewe naona aibu; mtume leo hii, asingoje Jumamosi. Wapite tu, hata kimya kimya. Nitakuwa barazani, nitaanza mimi kuwasalimia.