Kifua Changu na Cheo cha Mkuu wa Kitengo

Jumatatu, Novemba 4
Mkurugenzi Noh katangaza: mkuu mpya wa kitengo atachaguliwa Alhamisi ya wiki ijayo, baada ya usaili wa siku hiyohiyo. Ni mimi au Pyo Sang-uk. Jumamosi kampuni nzima tunapanda mlima, na Noh huwa anaangalia nani anatangulia kileleni. Pyo ameacha sigara, anapanda ngazi hadi ghorofa ya tisa. Kujipendekeza tu. Nikajaribu ngazi na mimi. Ghorofa ya nne kifua kikabana. Nikamalizia kwa lifti.

Jumatano, Novemba 6
Kifua tena, na taya. Mke wangu Ye-rim anataka niende hospitali. Nikamwambia moyo ni ugonjwa wa wazee, mimi nina thelathini na minane, na Noh akisikia naumwa wiki hii, kwisha habari yangu. Mama mkwe akaamua ni chakula kimekwama. Akanikanda mgongo, akanifunga uzi kwenye kidole gumba, akakichoma sindano juu ya ukucha. Damu ikatoka nyeusi. Akasema haya, umeuona uchafu huo? Nikacheua. Nimepona.

Jumamosi, Novemba 9
Mpango: teksi mpaka hekaluni, upande wa pili wa mlima, halafu dakika ishirini tu hadi kileleni. Teksi ilikwenda vizuri. Hizo dakika ishirini zikanishinda. Jasho la baridi, mkono wa kushoto mzito, nikakaa juu ya jiwe. Nani anatokea? Pyo, kawaacha wenzake wote nyuma. Nikamwambia ni wali wa asubuhi tu. Akasema kaka, acha utani, uso wako umekuwa kama majivu. Akaita helikopta ya uokoaji. Helikopta! Mbele ya Mkurugenzi Noh! Mtu anawezaje kuwa na roho mbaya kiasi hicho?

Jumatatu, Novemba 11
Hospitali. Mshipa wa moyo uliziba. Wameuzibua na kuupachika kijibomba cha waya. Daktari anasema siku hizi anapokea hata wa miaka thelathini, na Pyo angechelewa nusu saa, ningekuwa marehemu. Ye-rim akalia, nikaumia kumwona. Nikauliza kama Alhamisi nitaruhusiwa. Daktari akamwuliza mke wangu kama nilijigonga na kichwa pia.

Jumanne, Novemba 12
Pyo kaja kuniona na boksi la juisi. Akauliza, kwa aibu, maumivu yangu yalianzaje, maana naye tangu juzi, akipanda ngazi, kifua kinambana. Ana thelathini na sita. Nikafurahi mpaka mashine ya moyo ikapiga kelele. Nikamshika mkono, nikamsihi asipuuze hata siku moja, nikamwitia daktari wangu hapohapo. Machozi yakamlengalenga. Akasema hajawahi kupata kaka wa kumjali hivi. Wamemlaza chumba cha jirani, vipimo mpaka Ijumaa. Ye-rim anasema kwa mara ya kwanza nimefanya jambo la maana. Nimemwomba aniletee suti.