Shimo la Datsani

Jumatatu, 10 Juni 1996

Baridi kali. Upepo wa Sumbawanga mwezi huu unapita hata kwenye tundu la ufunguo. Fransiska mke wangu ameondoka alfajiri kwenda kwao Kaengesa kuandaa harusi ya mdogo wake, Victoria. Ndoa ni Jumamosi. Bwana harusi ni Mwalimu Dastani wa Namanyere, kijana mpole, sina neno naye. Na bi harusi atapanda gari langu! Datsani yangu mwenyewe, niliyonunua kwa kiinua mgongo baada ya shirika la umma kutupunguza kazi. Aliyeamua ni mama mkwe kwa kinywa chake, Mama Cornelia.

Hapa pana jambo kubwa: firigisi. Kwa mama mkwe, kuku akichinjwa, firigisi huwekwa kwenye sahani ya mkwe anayeaminiwa. Krismasi tatu mfululizo imekwenda kwa Adriano. Adriano tumeoa nyumba moja, yeye kamwoa dada mkubwa wa Fransiska. Ana Landrova. Anabeba dagaa wa Kirando, na Landrova inanuka dagaa hata ikiwa tupu. Mimi hupewa shingo. Mtu wa miaka arobaini na sita, shingo! Nikimfikisha Victoria kanisani salama, firigisi ni yangu. Gari likigoma, Victoria ataingia kanisani ananuka Kirando, nami nitatafuna shingo mpaka naingia kaburini.

Fransiska kaacha maagizo mawili. Nimpelekee sufuria lake kubwa la wali Jumamosi. Na leo hii nipeleke gari kwa Fundi Maganga akamwage oili.

Kwa Maganga! Rafiki wa Adriano! Nikimfunulia boneti tu, kabla sijanawa mikono Adriano anajua kila ugonjwa wa gari langu. Thubutu.

Nimekwenda kwake kwa miguu, kijanja. Nikauliza kwa niaba ya rafiki yangu mmoja, oili humwagwaje. Maganga akanitazama sana. Akasema rahisi: unaingia shimoni chini ya gari, unafungua nati, ya zamani inamwagika, unafunga, unajaza mpya kwa juu. Halafu unachomoa kijiti cha kupimia, unakifuta kwa kitambaa cheupe, unapima. Kitambaa kiwe cheupe, akasisitiza, ili uione rangi ya oili. Akauliza huyo rafiki yangu ana shimo. Nikasema atakuwa nalo kesho.

Kumbe ni hayo tu! Kumwaga! Mimi nilianza kumwaga vitu kabla sijajua kutembea. Na siku hizi ni soko huria. Kila mtu na shimo lake.

Jumanne, 11 Juni 1996

Nimechimba kutwa, kando ya nyumba. Refu kunizidi kidogo, upana wa mabega. Udongo mwekundu, vumbi linaingia machoni, machozi yananibubujika kama mtoto. Saa tano nikalala ndani kujipima. Nikatosha! Nikakunja mikono kifuani, nikafumba macho kidogo kupumzika.

Nilipofumbua, Bertha jirani alikuwa anachungulia juu ya ua wa mabingobingo, mkono mdomoni. Akasema pole. Nikamjibu nimeshapoa. Akauliza kwa sauti ndogo kama Fransiska ana habari. Nikamwambia hana, na namwomba sana asimwambie mtu yeyote. Akaapa. Mwanamke muungwana sana yule, sikumjua.

Jumatano, 12 Juni 1996

Sijapata kuona majirani kama hawa! Tangu asubuhi wanaingia wawili wawili. Wanawake wamejifunga kanga mbili mbili, wanaume wamevua kofia. Wote wananipa pole. Nimejibu nimeshapoa mpaka sauti imekauka. Wameleta unga debe zima, maharage, mzigo wa kuni, hata jogoo. Wawili wameketi kwenye mkeka ukumbini na hawasemi kitu. Nadhani walitaka kuona ufundi.

Wanaume wamekuja na majembe yao. Nilikuwa nimefikia kiunoni, wao wakasema haifai, lazima lizidi. Wakashuka kwa zamu. Pembe zimenyooka! Kuta laini! Nikawauliza walijifunza wapi, wakasema ni mazoea tu, wameshachimbia watu wengi.

Jioni akaja Katekista Ignasi. Akasimama ukingoni akatikisa kichwa. Akauliza shimo ni la nani. Nikajibu la Datsani. Akafanya ishara ya msalaba. Mtu wa dini kweli, anabariki hata injini! Akauliza ni lini. Nikasema kesho saa nne. Akauliza ilikuwa ghafla? Nikasema hapana, nimelipanga mwenyewe tangu Jumatatu. Akarudi nyuma hatua mbili. Nikamwomba habari hizi zisimfikie Adriano. Akasema yeye kesho asubuhi hana budi kulitaja kanisani, lakini usiku huu atasali sana. Kwa ajili yangu hasa.

Nimekula ugali na maharage ya watu. Nimeshiba. Kumbe jitihada inaheshimiwa katika mji huu.

Alhamisi, 13 Juni 1996

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Mambo yalianza vizuri. Saa tatu nikaisogeza Datsani juu ya shimo, magurudumu huku na huku. Ikakaa sawasawa. Oili mpya ndani ya dumu la njano, ukingoni. Ya kukinga oili chafu sikuwa nayo, nikachukua sufuria la Fransiska la wali. Litaoshwa. Nikashuka, nikatafuta nati. Zilikuwa mbili. Nikachagua kubwa, maana kazi kubwa huwa na nati kubwa. Nikafungua. Ikamwagika! Kidogo sufuriani, nyingi usoni.

Nikasikia gari linasimama nje, halafu vilio. Nikajisemea, maskini, kuna waliofiwa mtaa huu, na mimi sina habari. Vilio vikasogea. Vikaingia kwangu! Nikaona miguu kupitia chini ya gari: miguu mingi, viatu vya Adriano vikiwemo, na vile vya mama mkwe vya kanisani. Salaale, nikajua siri imevuja, wamekuja kukagua gari.

Nikasikia sauti ya Victoria, analia. Anamuuliza Bertha kama Dastani wake aliteseka sana. Mimi nikasikia Datsani. Nikaona ni aibu kukaa kimya, shemeji anauliza kwa upole namna ile. Nikajibu kutoka chini kwamba wala, kukohoa tu asubuhi kwa ajili ya baridi, na moshi mweusi kwa nyuma.

Vilio vikakatika.

Nikaona nimeongea chinichini. Nikatoa kichwa nje ya shimo, mweusi mpaka meno, nikasema shikamoo mama.

Mama yangu! Mama Cornelia alipiga yowe nadhani Kaengesa walilisikia. Victoria akaanguka, akadakwa na wanawake. Watu wakatawanyika. Katekista akatangulia, rozari mkononi. Adriano, mwenye Landrova, mwenye kifua, aliruka ua wa Bertha kwa kiatu kimoja! Hilo nimeliona kwa macho yangu na nitalisimulia kila Krismasi. Mimi nikaogopa kilichowaogopesha, nikaruka nje, nikajigonga mkono kwenye bampa, nikalipiga teke dumu. Oili mpya yote shimoni. Lita nne!

Aliyebaki amesimama ni Fransiska. Akanitazama. Akalitazama sufuria. Akasema jina langu tu, taratibu, silabi moja moja.

Ndipo mambo yakafunguka. Bertha aliona kaburi. Katekista alisikia Dastani. Kaengesa wakapelekewa habari kwamba bwana harusi kafia kwangu na anazikwa saa nne. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mwalimu wa Namanyere atazikwaje uani kwangu, kando ya choo! Na pole zile zote zilikuwa pole za msiba. Mimi nikidhani ni pole na kazi! Kiswahili nacho, pole moja kwa kila jambo.

Wanadai unga wao. Jogoo nimeshamchinja.

Ijumaa, 14 Juni 1996

Dastani mzima! Ametokea Kaengesa jana mchana juu ya lori la mahindi. Akakuta watu wanalia, naye kwa adabu akaketi akalia pamoja nao, ndipo akauliza ni nani. Bibi mmoja akazimia. Mwenyewe anasema hajawahi kusikia akisifiwa vile, na angependa waendelee kidogo.

Fransiska amemleta Maganga nyumbani kwa mkono wake. Nilijifanya nimelala. Maganga kashuka shimoni, nikamsikia anacheka humo ndani peke yake muda mrefu. Amesema nilichomwaga si oili ya injini, ni ya giaboksi. Ningeondoka hivyo, gia zingesagika kabla sijamaliza mji. Katia ya gia, katia ya injini, kafunga kila kitu. Halafu akasema, na Fransiska ni shahidi, kwamba shimo ni zuri kuliko la kwake. Pembe zimenyooka.

Kuliko la kwake! Nimeyaandika hayo ili yasipotee.

Fransiska kasema kesho niendeshe tu. Nisifungue kitu. Nisiguse kitu. Nikamwambia mke wangu, mimi si mtoto.

Jumamosi, 15 Juni 1996

Tumefika kanisani! Datsani imevuta kama mpya, haikukohoa hata mara moja. Victoria nyuma, shela limejaa kiti chote, Mama Cornelia pembeni yake. Njiani mama mkwe akatamka kwamba gari hili linatembea vizuri. Maneno yake kamili! Nikaiona firigisi mbele yangu, imekaa kwenye sahani, inatoa mvuke.

Ningeishia hapo. Lakini mlangoni mwa kanisa Adriano alikuwa amesimama na wazee, anawaambia kwa sauti kwamba gari limefika kwa sala za Katekista, si kwa oili. Damu ikanichemka. Nikafunua boneti palepale nimevaa suti. Nikawaita wazee waje waone oili safi kwa macho yao. Nikachomoa kijiti cha kupimia. Nikanyoosha mkono nyuma kutafuta kitambaa. Maganga alisema kiwe cheupe. Nikapata cheupe. Laini, kirefu. Nikakifuta kijiti vizuri, juu mpaka chini, nikakipandisha hewani.

Wazee hawakukitazama kijiti. Walikuwa wanalitazama shela la Victoria, aliyekuwa ameshashuka garini na kusimama nyuma yangu.

Oili mpya haina weusi, hiyo ni kweli, lakini ilikuwa imekutana na mabaki ya zamani. Mstari mrefu katikati ya shela, na vidole vyangu vitano pembeni. Victoria hakulia. Alikuwa ameyamaliza machozi yote Alhamisi. Alianza kucheka, akacheka mpaka Dastani naye akacheka, Padre akatoka kuuliza kuna nini. Shela likakunjwa upande wa doa, likabanwa na maua. Wakafunga ndoa. Fransiska hajanisemesha tangu saa nne asubuhi.

Jumapili, 16 Juni 1996

Chakula cha wakwe. Kuku watatu. Tumeketi mkekani: Adriano, mimi, na Dastani mgeni. Sahani zikafunuliwa.

Adriano: shingo! Nilitaka kupiga makofi. Mama mkwe kasema mwanamume anayeruka ua na kumwacha mama mkwe wake mbele ya mzuka hana dai. Nikajifuta mikono. Nikakaa sawa. Nikafunua ya kwangu.

Shingo.

Firigisi zote tatu zilikuwa mbele ya Dastani. Mama Cornelia akasema mkwe aliyerudi kutoka kaburini lazima ale ashibe. Kaburi lenyewe nimelichimba mimi! Siku mbili, kwa mikono hii! Na firigisi zinakwenda kwa marehemu. Nimeumia, sitaki kuficha. Nikaitafuna shingo yangu, Adriano naye anatafuna yake. Tukatazamana. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, nilimwonea huruma yule bwana.

Njiani kurudi Fransiska ametamka neno. Amesema shimo lifukiwe kesho.

Jumatatu, 17 Juni 1996

Kufukia? Shimo lililosifiwa na fundi? Nimefikiri usiku kucha, na nimegundua kosa lilikuwa wapi. Shimo lilikuwa dogo. Asubuhi nimempelekea Adriano kiatu chake, tukaongea kama wanaume. Anataka kumwaga oili ya Landrova yake na hataki tena kwa Maganga, kwa sababu Maganga anamcheka habari za ua. Nimempa neno: atamwagia kwangu, na mimi mwenyewe ndiye nitakayeshika spana! Tukiungana sisi wawili, huyo Dastani hapati hata ukucha wa kuku Krismasi hii.

Landrova ni ndefu, kwa hiyo nimeanza kuongeza urefu. Fransiska yuko sokoni, hajui, na sitaki ajue mpaka limekwisha.

Kosa la pili lilikuwa maneno mengi. Safari hii najibu kwa ufupi, mtu asipate nafasi ya kusikia vibaya. Nimeanza leo leo. Saa tano Bertha kachungulia tena juu ya ua, akauliza, jamani, hili sasa ni la nani. Nikapangusa machozi ya vumbi, nikamjibu waziwazi, neno kwa neno, kwamba ni la Adriano, na ni kesho saa nne.

Ameondoka mbio bila hata kuaga. Sijui ana haraka gani.