Uzinduzi wa Mtambo wa Kuzuia Mvumo wa Taa za Miche

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Waheshimiwa wenyeviti wa kamati, wa kamati ndogo na wa kamati ya kuratibu kamati. Watumishi wenzangu wa jengo hili la ghorofa tatu. Majirani zetu wa zahanati ya hapo nyuma ya uzio. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi safu ya mbele. Vipaza sauti vinavuma: zzzzzz.)

Ndugu wananchi, mvumo huo ndio uliotukutanisha. Mtakumbuka kwamba Mkunga wa zahanati alitulalamikia, kwa barua kumi na moja, kwamba kila zikiwashwa taa za kukuzia miche katika chumba fulani cha ghorofa ya tatu, redio ya upepo anayoitia gari la wagonjwa haitoi neno, inavuma tu. Mimi, kiongozi msikivu, sikupuuza. Niliunda Kamati ya Frikwensi na Mwingiliano wa Mawimbi, ikaenda semina, ikarudi, ikaenda tena, ikafanya vipimo mia tatu na arobaini, na kwa kuwa usalama kwanza, kabla ya kila kipimo tulizima umeme wa jengo zima. Matokeo: mvumo asilimia sifuri! (Makofi. Sauti kutoka nyuma: "Si mlikuwa mmezima taa, mzee!") Ndiyo, tulizima kitaalamu.

Lakini wapotoshaji hawakosekani. Fundi redio wa hapo kona, huyu mnayemwita Waya, alichukua kiredio cha betri, akakitega pasipo na stesheni, akapanda ngazi akiufuata mvumo unavyozidi, mpaka ukamziba masikio mlangoni pa chumba changu cha miche ya letisi, yale majani ya saladi. Nawauliza, kiredio kile kina cheti? (Kicheko.) Letisi zile ni utafiti, na mimi binafsi huzila kwa niaba yenu. (Miguno.)

(Mkunga anasimama, redio mkononi: "Bosi, nina mama ndani, mtoto katanguliza mguu. Naita gari, nasikia zzz tu. Zima hizo taa dakika tano, nakuomba.")

Dada Mkunga, mchango wako tumeupokea, ila maswali yatawasilishwa kwa maandishi. ("Maandishi? Mtoto atanifia, we baba!") Jazba hazijengi. (Minong'ono. Kiti cha Waya kiko wazi.)

Niendelee. Mtambo huu wa Kisasa wa Kuzuia Mvumo, mnaouona hapa mbele ukiwa ndani ya boksi lililofungwa utepe, ni zao la stratejia ya fezi nane, yaani awamu, nitakazozieleza moja baada ya nyingine, na kwa mujibu wa wataalamu niliowateua mwenyewe utanyonya asilimia mia na kumi na mbili ya mvumo wote, yaani tutabakiwa na ukimya wa akiba ambao majirani watakuja kutuomba, na katika fezi ya kwanza...

(Mvumo unakatika ghafla. Redio ya Mkunga: "Zahanati, sasa nakupata vizuri. Mgonjwa yuko wapi?" Mkunga anajibu kwa sauti huku akikimbilia zahanati. Watu wote wamesimama.)

Mmesikia wenyewe! Boksi hata halijafunguliwa, na mtambo umeshafanya kazi! (Waya anatokea mlangoni mwa jengo, ameinua fyuzi juu. Shangwe.) Jamani, msimshangilie huyo! Nipo huku! (King'ora cha gari la wagonjwa. Watu wanakimbilia getini kulifungulia njia.)

Mawimbi safi! (Sauti moja: "Safi.") Sikio tulivu! (Mwenye sauti naye anakimbilia getini.) Letisi kwa wote!

Kwa kumalizia, naishukuru Kamati kwa kuandika ripoti ya mafanikio tangu wiki iliyopita. Namwagiza Waya arudishe fyuzi kabla miche haijanyauka. Na kwa namna ya pekee namshukuru shemeji yangu, aliyetuazima boksi la friji lake jipya kwa shughuli hii, kwa sharti moja tu kwamba tusitie kitu chochote ndani, na nawahakikishia, ndugu wananchi, sharti hilo tumelitimiza.