Kamba ya Gari

Wapo waliopewa mashamba na Mungu, wapo waliopewa ng'ombe. Herman Bura alipewa mdomo, na siku za mnada wa Katesh ndizo zilizokuwa siku zake za mavuno.

Asubuhi hiyo alisimama kando ya pikipiki ya mkewe Loveness, anayoitumia kusambazia maziwa, akichokonoa meno ingawa hakuwa amekula kitu. Loveness alikuwa amemwambia waziwazi: pikipiki isiporudi, na yeye asirudi. Herman alikuwa bado anayatafakari hayo alipomwona mama mmoja akiligombeza gari.

Alikuwa Mama Gaudensia wa Gitting, mnunuzi wa ng'ombe, anayeheshimiwa hata na madume. Gari lake jeupe lilikuwa la kisasa, la kuwasha kwa kitufe. Mama alielekeza rimoti mlangoni, akabonyeza. Kimya. Akainua mkono juu kama mtu anayetafuta mtandao kijijini Hirbadaw, akabonyeza tena.

Herman alitema kijiti. Aliwahi kufagia gereji moja ya Babati mpaka wakamfukuza, akatoka na elimu yake. Ndani ya rimoti kuna ufunguo mwembamba wa chuma unaofungua mlango. Na rimoti iliyoishiwa betri ukiigusisha kwenye kitufe cha kuwashia, gari huwaka kama kawaida. Alijua pia kwamba betri yenyewe, bapa kama shilingi, inauzwa na mafundi saa, ila hilo hakuona sababu ya kulitangaza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama unauza dawa ya panya, endelea na safari."

"Mimi ni daktari wa kompyuta za magari. Nimesikia gari linakoroma."

"Halijakoroma. Limenyamaza."

"Ndiyo hatua ya pili hiyo, mama."

Akaweka sikio kwenye boneti. Akapapasa tairi. Akauliza kama mgonjwa alikula vizuri jana. Watu wakasogea, maana mnadani chochote kinachokata roho hupata watazamaji. Mwishowe Herman akavua kofia.

"Pole sana. Ubongo umekufa."

"Asubuhi limenileta hapa likiimba."

"Huwa yanaimba kabla ya kuaga. Ubongo mpya unatoka Japani kwa meli. Ukifika, wajukuu zako watakuwa wamestaafu. Lakini mimi nina huruma, ndiyo inayonifilisi. Nalichukua bodi nikafugie kuku. Wewe chukua pikipiki hii, ufike nyumbani na viatu safi."

Sasa, Gaudensia alilinunua gari hilo kwa binamu yake kwa bei iliyomfanya acheke njia nzima, na tangu siku hiyo alikuwa akingoja balaa lake lifike. Akaona limefika.

"Tupeane mkono kimnada," Herman akasema haraka. "Mnyama akishatoka, harudi."

"Hata akifia njiani," akathibitisha Mzee Gidamis, mfugaji mwenye madume mekundu, akiegemea fimbo.

Wakapeana mikono, rimoti ikaenda kwa Herman, ufunguo wa pikipiki kwa mama. Tapeli mwenye akili angesubiri mama aondoke. Lakini Herman alikuwa na watazamaji, na watazamaji ndio ugonjwa wake. Akachomoa ufunguo wa chuma, akafungua mlango, akagusisha rimoti kwenye kitufe. Gari likanguruma.

"Limefufuka," mtu akasema.

Gaudensia akalisogelea gari. "Kumbe haukuwa ubongo."

"Ulikuwa ubongo. Nimeuombea."

"Na biashara yetu ni ya kimnada?"

"Ya kimnada kabisa, mama."

"Basi nipe kamba yangu."

Kila aliyewahi kununua ng'ombe pale anajua: muuzaji huuza mnyama, kamba hubaki nayo. Mnunuzi huja na yake.

"Gari lina kamba gani, mama?"

"Si hiyo uliyolivutia?" Mama akaonyesha rimoti.

Wote wakamgeukia Gidamis. Mzee akafikiri kwa uzito wa hakimu. "Kamba ni kile kinachomtoa mnyama zizini. Mpe."

Herman akampa, tena akitabasamu. Injini ikishawaka haizimiki kwa kukosa rimoti. Angefika Babati, wangemtengenezea nyingine. Alichotakiwa ni kutokuzima tu.

Akaondoka. Gari nalo, likihisi rimoti haimo, likaanza kulia: pi, pi, pi. Mbele yake madume ya Gidamis yalikuwa yakivuka, na moja halikupenda muziki huo hata kidogo. Likainamisha pembe, likaja.

"Zima hicho kilio," Gidamis akasema. "Atakutoboa."

Herman akazima injini. Dume likaenda zake. Herman akabonyeza kuwasha. Akabonyeza tena. Gari lilimtazama kama mgeni.

Gaudensia akaja dirishani. "Vipi, daktari?"

"Naomba rimoti niigusishe mara moja tu, mama."

"Kamba siazimi. Naona ubongo umekufa. Ila nina huruma. Nalichukua bodi, nakupa mbuzi wangu yule."

Mbuzi alikuwa na pembe moja. Herman akatazama huku na huku, hakuona mnunuzi mwingine wa gari lisilowaka. Akatoa mkono. Mama akaingia, akagusisha rimoti kama alivyofundishwa, gari likanguruma.

Kisha akashusha kioo, akaonyesha pikipiki. "Mimi sina roho mbaya. Sema samahani, mbele ya hawa, na uichukue."

"Sema, kijana," Gidamis akamwambia. "Ni neno dogo."

Herman akaitazama pikipiki ya Loveness. Akawatazama watu, wote wanamsubiri yeye. Akambeba mbuzi begani.

"Ubongo ulikuwa umekufa," akasema. "Siombi samahani."