Ombi la Kuhamishwa kwa Bosi Wangu, Ambaye ni Mimi

Mheshimiwa Bi Mkurugenzi,

Natumaini hujambo na presha imetulia. Mimi ni mpiga pasi wa chumba cha nyuma hapa kwenye udobi wako, yule wenzangu wanayemwita Mvuke. Tangu ile semina, mlipowaondoa wasimamizi na kututaka kila mmoja ajiwekee malengo na ajiongoze mwenyewe, nimekuwa bosi wangu. Kwa heshima zote, naomba kumshtaki.

1. Malengo yake hayana utu. Ameamua shati lisitoke mezani likiwa na mkunjo, hata kwenye ule upindo unaochomekwa ndani ya suruali. Nani ataukagua? Yeye! Msimamizi wa zamani alikuwa akitupia jicho kola, basi, anakwenda zake kunywa chai. Nilimpenda sana yule mama.

2. Hadanganyiki. Zamani nikichelewa nilisingizia foleni. Huyu nitamwambia nini, na tulikuwa naye kitandani?

3. Ananifuata hadi nyumbani. Juzi mke wangu alikuwa akinisimulia mambo ya mdogo wake, bosi akaanza kunisumbua kuhusu mikono ya shati fulani la bluu. Mke wangu amenuna. Anadhani nina mwanamke wa nje.

4. Likizo nilimwomba kwa adabu zote. Alikataa kabla sijamaliza kuandika tarehe.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi: amenipa onyo la mwisho. Nisipofikia lengo wiki hii, ananifukuza kazi. Ninamjua, hatanii, na mimi nina watoto wanaosoma. Nikienda kulalamika chama cha wafanyakazi, watamwita nani ajieleze?

Kwa hiyo naomba mmoja wetu ahamishiwe idara nyingine. Ikiwezekana, yeye.

Nisalimie wote huko ofisini: katibu wako, dereva, na yule mhasibu asiyeitikia salamu.

Wako mtiifu, na wake pia maana sina ujanja,

Mvuke, Mpiga Pasi

Tanbihi: Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha. Jioni hii nimetundika shati la mwisho, bosi akalitazama, akaniambia kazi nzuri. Bi Mkurugenzi, miaka yote niliyopiga pasi hapa, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nimelia kidogo. Tafadhali sana, msimhamishe.